Gramu Nne za Malkia

Jumatatu, 3 Juni

Mwezi wa tano kazini. Umebaki mmoja wa majaribio, kisha wataamua kunithibitisha au kunirudisha nyumbani nikamsaidie Shangazi kusuka nywele. Sijui kusuka. Vidole vyangu hutetemeka hata vikishika kalamu.

Leo Mkurugenzi ametuita sote saba tunaofanya kazi hapa makumbusho. Ametangaza kwamba maonyesho ya manukato ya wafalme na malkia wa kale yatafunguliwa Jumamosi ya tarehe 15. Siku kumi na mbili! Kazi yangu ni kujaza fomu ya kila kifaa na kuandika vibandiko, zile kadi ndogo ambazo wageni husoma mbele ya kabati la kioo. Vibandiko arobaini. Mkurugenzi alisema niandike mistari mitatu tu kila kimoja, kwa kuwa mgeni husoma mitatu, kisha huuliza choo kiko wapi.

Nyota ya maonyesho ni kichupa cha alabasta, kirefu kama kidole changu cha kati. Kifaa namba 112. Vyombo vingine vyote ni vitupu — hiki peke yake kina kitu ndani, masalia ya manukato ya malkia fulani wa Misri ambaye jina lake limefutika. Bango limeshabandikwa mlangoni: NJOO UNUSE KARNE THELATHINI.

Sijakigusa. Nimekitazama tu, nikaenda kunywa maji.

Jumanne, 4 Juni

Vibandiko sita. Naipenda kazi hii kuliko ninavyothubutu kusema mbele za watu.

Cha kwanza: Taputi, mwanamke wa Babeli, msimamizi katika jumba la mfalme. Ni miongoni mwa watengeneza manukato wa kwanza ambao majina yao tunayo. Habari zake ziko kwenye kibao cha udongo cha zaidi ya miaka elfu tatu. Alichemsha, akachuja, akachemsha tena. Nilijiuliza nani aliandika kile kibao. Karani, bila shaka. Hakuna aliyemtaja.

Cha pili: Uchina, zama za wafalme wa Han. Maofisa walitia karafuu mdomoni kabla ya kusema na mfalme, asije akanusa pumzi zao.

Cha tatu: Roma. Inasimuliwa kwamba Kaisari Nero alikuwa na dari zenye matundu, na wageni wakiwa mezani walinyunyiziwa manukato kutoka juu. Hiki Mama Dekio aliniomba nimsomee. Ndiye anayefagia na kupiga deki jengo zima, na jina lenyewe amelipokea kwa fahari. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza nani alikuwa anapiga deki wageni wakishaondoka. Nikasema historia haikuandika. Akasema ndiyo maana yeye na historia hawaelewani.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeharibu. Naandika polepole ili mwenyewe nielewe ilivyotokea.

Fomu ya Hali ya Kifaa ina mistari kumi na mmoja. Mstari wa saba: Uzito wa chombo kikiwa na kilichomo. Nilipima. Gramu 65. Mstari wa nane: Uzito wa chombo kikiwa kitupu. Na chini kabisa, kwa herufi nzito: Mistari yote ijazwe. Fomu yenye pengo haitapokelewa.

Mtu mwingine yeyote angechora kistari akaendelea na maisha yake.

Mimi nilikitoa kile kitu. Nilitandika karatasi safi. Nilivaa glavu. Nilichukua pini ya nywele, nikaichemsha kwanza, nikakwangua kwa saa nzima, taratibu kama mtu anayesafisha sikio la mtoto aliyelala. Kilikuwa cheusi, kikavu, kama ulimbo wa mwaka juzi. Hakikunuka chochote. Nikapima kichupa: gramu 61. Nikaandika 61. Nilijiona hodari! Nilikusudia kukirudisha chote, punje kwa punje.

Simu ya mapokezi ikalia. Mtu amekosea namba. Nusu dakika, haikuzidi.

Niliporudi meza ilikuwa inang'aa. Mama Dekio amesimama na kitambaa chenye maji, anatabasamu. Alisema ameniona nimeinamia uchafu tangu asubuhi, akaingiwa na huruma. Msichana msomi hastahili meza kama ile.

Karatasi niliikuta kwenye ndoo ya taka chini ya majani ya chai, imelowa chepe. Niliyachambua yale majani jani moja moja. Ni majani ya chai tu. Karne thelathini, zimekwenda kwa kitambaa kimoja.

Sikumwambia Mama Dekio. Alikuwa amefurahi sana.

Ijumaa, 7 Juni

Niliamua kukiri. Niliyapanga maneno njiani, maneno saba tu.

Ila pumzi ya mtu mwenye hofu si nzuri, na nilikuwa na hofu hadi kwenye kucha. Nikakumbuka wale maofisa wa Uchina. Nikatia karafuu mdomoni. Nikaona moja haitoshi kwa kosa la ukubwa huu, nikatia tatu.

Ulimi ukafa ganzi kabla sijafika mlangoni. Niliposimama mbele ya meza ya Mkurugenzi na kufungua mdomo, maneno saba yalitoka yakiwa sauti moja, ya mbuzi aliyekanyagwa kamba. Mate yakadondoka kwenye kalenda yake. Alinitazama kwa huruma kubwa. Alisema hata yeye mwaka jana jino lilimtesa hivyohivyo, nisiteseke bure. Akaniandikia ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno.

Nilikwenda. Ningefanyaje? Ruhusa ilikuwa na muhuri.

Daktari akasema meno yangu ni mazuri kuliko yake, akataka kujua nani amenitangulizia dawa ya karafuu. Nilionyesha kwa mkono kwamba ni Wachina.

Nimerudi nimekuta barua mezani. Jumatano anakuja mtaalamu wa manukato kutoka chuo kikuu. Atanusa kichupa namba 112 kwa pua yake mwenyewe, kisha atatengeneza harufu ileile, inyunyizwe ukumbini siku ya ufunguzi.

Atanusa kichupa kitupu.

Jumapili, 9 Juni

Nyumbani. Saluni ya Shangazi ni chumba chetu cha mbele: viti viwili, kioo chenye ufa, na rafu ya mikebe. Ndiye dada wa baba, na ndiye aliyenilea baba alipofariki. Kila kitabu nilichosoma kilitoka kwenye vichwa vya watu.

Mafuta ya nywele anatengeneza mwenyewe. Nyonyo, nta ya nyuki, karafuu, mdalasini, na vitu vingine viwili ambavyo hajamwambia mtu yeyote, hata mimi. Wateja husema ukiyamwaga kwenye kiti, kiti kitaota nywele. Nyuma ya rafu kuna mkebe wa zamani, masalia ya chungu kilichoungua miaka mitatu iliyopita. Alikuwa dirishani anasikiliza ugomvi wa majirani kuhusu kuku, na ugomvi ulikuwa mtamu, hakuweza kuuacha katikati. Yale mafuta yamekauka. Meusi. Kama ulimbo wa mwaka juzi.

Niliufungua mkebe. Nikaufunga. Nikaufungua tena. Shangazi, mkono mmoja ukiwa kichwani kwa mteja, akaniuliza kama nasali au natafuta kitu. Nikasema natafuta kitu. Akasema basi nitafute na uzi mweusi, umekwisha hapa.

Nimempelekea uzi. Na mkebe nimeukwangua. Niliyokwangua yamo kwenye bahasha ya barua, katikati ya daftari hili. Ukurasa umeanza kupata doa.

Jumatatu, 10 Juni

Gramu nne kamili. Nilipima mara sita, nikaongeza, nikapunguza. Kama ni kughushi, basi walau uzito uwe wa kweli.

Nimeshindilia kwa pini ileile. Nimepaka vumbi la juu ya kabati mdomoni mwa kichupa. Wahenga walisema la kuvunda halina ubani. Kuhusu mafuta ya nywele hawakusema lolote.

Mstari wa tisa wa fomu: Harufu. Niliandika: Ipo.

Kisha vibandiko vya Misri. Kifi, uvumba wa mahekalu, mchanganyiko wa viungo vingi, na mapishi yake yamechongwa kwenye kuta za mawe. Malkia Hatshepsuti, aliyeagiza miche ya manemane kutoka nchi ya Punti, ikaletwa na mizizi yake kwenye makapu. Hiyo nayo wakaichonga ukutani. Nilidhani walichonga kwa ajili ya utukufu. Sasa nadhani walikuwa na karani wasiyemwamini.

Jumatano, 12 Juni

Mtaalamu amekuja. Kufikia saa tatu Mama Dekio alikuwa ameshampa jina la Pua, na kufikia saa nne jina lilikuwa limefika mapokezi. Hakuna namna nyingine ya kumweleza. Ni pua iliyoajiri mtu wa kuibeba. Siku ya kunusa hanywi chai. Aliniuliza nimeoga kwa sabuni gani, nilipomjibu akaniomba nisogee hatua tatu nyuma.

Tulikuwa katika chumba cha kazi: yeye, Mkurugenzi, mimi, na Mama Dekio mlangoni akijifanya anapangusa bawaba. Pua akafumba macho, akakiinua kichupa. Mimi nikaanza kuhesabu vigae vya sakafu. Nilifika thelathini na nne.

Akalia.

Machozi ya kweli, mpaka kwenye tai. Alisema kuna nta ya nyuki, safi. Kuna mdalasini. Kuna karafuu. Mkurugenzi akauliza, kwa adabu, kama karafuu ilikuwa imefika Misri zama hizo. Pua akamjibu kwamba vitabu vyote vinasema haikuwa imefika, na kwamba sasa vitabu vyote itabidi viandikwe upya. Alilisema hilo kama mtu aliyepata mtoto.

Na chini ya yote hayo, akaendelea, kuna kitu cha huzuni. Kitu kilichoungua. Majuto ya mwanamke aliyekuwa na madaraka makubwa.

Ni ule ugomvi wa kuku!

Kisha Mama Dekio akasema kutoka mlangoni kwamba harufu hii anaijua. Nikarudi kwenye vigae, kuanzia kimoja. Akafikiri, akafikiri tena, akasema inanukia kama kichwa cha mtu. Mkurugenzi alikuwa anataka kumtoa, lakini Pua aliinua mkono. Alimwangalia Mama Dekio kwa heshima, akaandika kwenye daftari lake, nami nilikuwa karibu nikasoma: Kichwa. Huenda yalipakwa chini ya taji.

Mama Dekio amepiga deki mchana kutwa huku anaimba.

Alhamisi, 13 Juni

Pua ametengeneza chupa mbili kubwa na kuzijaribu. Jengo zima linanukia saluni. Nikiingia mlangoni, mkono wangu unanyooka wenyewe kushika uzi.

Mkurugenzi ameniita. Barua yangu ya kuthibitishwa ameshaiandika, ataitia saini Jumatatu. Alisema katika miaka yake yote hajaona karani wa aina yangu. Fomu zangu hazina pengo hata moja. Akarudia: hata moja.

Shangazi anataka kuja kwenye ufunguzi. Nilimwambia ni mbali. Nilimwambia viti ni vigumu. Nilimwambia ni mambo ya wasomi tu.

"Na huyo msomi nani kamsomesha?"

Nimempa kadi ya mwaliko. Ameomba na nyingine tatu, za wateja.

Jumamosi, 15 Juni

Niko kwenye benchi la korido nje ya ofisi ya Mkurugenzi. Shangazi yuko ndani na mlinzi amesimama mlangoni. Niandike kwa mpangilio, ili mkono uwe na kazi.

Wageni walikuwa kama mia. Shangazi alikuja na wateja wake watatu, wote wamesukwa jana, wote wanang'aa mafuta kama sahani mpya. Wakaketi safu ya nne. Mimi nilijificha nyuma ya nguzo na rundo la vipeperushi.

Pua alikuwa anahutubia. Alifika kwenye maofisa wa Uchina, akanyamaza katikati ya sentensi. Kichwa kikainuka. Kikageuka kushoto, kikageuka kulia. Akashuka jukwaani. Akapita safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, amefumba macho, mikono mbele. Wageni wakadhani ni sehemu ya maonyesho, wakapiga makofi. Alipofika safu ya nne akainama juu ya kichwa cha Shangazi, akavuta pumzi ndefu.

Shangazi hakusogea. Alimwinulia jicho moja.

"Baba, kama unataka kusukwa, subiri zamu yako."

Ukumbi ukacheka. Pua hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini, ila kipaza sauti kilikuwa bado kifuani kwake na kila mtu alisikia, kwamba mama huyu amejipaka manukato ya malkia, na kwamba yuko mtu wa humu ndani aliyemtolea.

Mlinzi akaja akamwomba Shangazi ainuke. Aliinuka kama mtu aliyeitwa kupokea zawadi, akajipangusa gauni, akatoka. Alipita mbele ya nguzo yangu na kunitazama usoni. Uso huu anausoma tangu nina meno mawili.

Sikusema kitu. Alipita, nami sikusema kitu. Nilishika vipeperushi.

Sasa nawasikia ndani. Sauti ya Mkurugenzi, sauti ya Pua. Sauti ya Shangazi siisikii, na hiyo ndiyo inayonitisha, maana Shangazi husikika hata akiwa amelala. Wakimwita mwizi ni mimi niliyemfanya mwizi. Barua haijatiwa saini, basi isitiwe. Nikimaliza sentensi hii nagonga mlango.

Benchi lilelile, nusu saa baadaye.

Niligonga. Mlango ukafunguka kabla mkono haujashuka. Shangazi amekaa kwenye kiti cha Mkurugenzi, kile cha kuzunguka, na anazunguka kidogo. Ana chai kwenye kikombe cha wageni. Pua amechutama mbele yake na daftari gotini.

Nilivyoelewa ni hivi. Walimuuliza alikotoa yale mafuta, akasema kafundishwa na mama yake. Uongo mtupu! Aliyabuni mwenyewe, nilikuwa darasa la tano, kulikuwa na mteja mwenye mba. Wakauliza mama yake naye alifundishwa na nani. Na mama yake. Na huyo? Shangazi akawaambia wao ndio wenye vitabu, wamwambie wao.

Na wakamwambia. Pua ameona mnyororo mzima, mama kwa binti, mama kwa binti, tangu jikoni kwa malkia hadi kiti chetu cha saluni. Si mwizi tena. Ni mrithi.

Nikafungua mdomo. Safari hii bila karafuu.

"Mkurugenzi, kosa ni langu."

Akasema ndiyo, kosa ni langu kweli, kwa kuficha miezi mitano yote kwamba natoka katika ukoo huo. Lakini amenisamehe. Unyenyekevu ni sifa nzuri kwa kijana. Kisha akanituma maji ya moto, chai ya Shangazi imepoa.

Niliyaleta. Yeyote asomaye hili — hapana, hakuna atakayelisoma. Niliyaleta, nikamimina.

Jumapili, 16 Juni

Nimemwambia Shangazi yote. Fomu, pini, simu, kitambaa, bahasha. Alikuwa ananisikiliza huku anachambua uzi.

Alijua sehemu. Alisema aliuona mkebe umekwanguliwa akadhani panya, ila panya hakwangui kwa mpangilio, akianzia pembeni na kusogea katikati. Akanijua. Alidhani nina mba naona aibu kusema.

Nilipofika kwenye mstari wa nane, Uzito kikiwa kitupu, alianza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye kiti cha wateja. Nilipofika kwenye majuto ya mwanamke mwenye madaraka, akaomba nisiendelee, ubavu unauma.

Kisha nikamwambia kwamba kesho nakwenda kusema ukweli. Kicheko kikakatika.

Leo ni Jumapili na foleni ya wateja ilifika hadi kwa fundi viatu. Wamesikia. Mwanamke mmoja aliyevaa miwani ya jua alimwita Mtukufu. Miaka yote nimesikia wakimwita kwa jina moja tu: wewe msusi. Wewe msusi umenivuta. Wewe msusi harakisha. Leo walikuwa wanamwomba ruhusa ya kukaa.

Alisema, nusu utani, kwamba nimempa ufalme Jumamosi nataka kumnyang'anya Jumatatu, hata viatu vya kifalme hajanunua. Nikamwambia si kweli, Shangazi, si ya kweli hata tone. Akasema yule malkia jina limefutika, nimemwambia mwenyewe, sasa nani atakayekuja kulalamika? Nilisema njia ya mwongo ni fupi. Akasema hii basi ni ndefu, imefika kwa fundi viatu.

Halafu akaacha utani. Uzi ulikuwa bado mkononi.

"Mimi wakinivua taji nitarudi kusuka, nimezoea. Wewe wakikuvua kazi, utarudi kuwa nini?"

Sijui kusuka. Anajua kwamba sijui kusuka. Alijaribu kunifundisha mara mbili, na mteja mmoja bado hatusalimii.

Jumatatu, 17 Juni

Meza yangu. Saa saba na nusu.

Barua iko kwa Mkurugenzi, saini saa kumi. Kabla ya hapo, saa tisa, wanakuja waandishi wa habari. Na kabla yao kinatakiwa kibandiko kipya cha kifaa namba 112, kwa sababu kile cha kwanza hakimtaji mrithi. Mistari mitatu. Mkurugenzi amesema hatakisoma, kikitoka kwangu kiende moja kwa moja kwenye kabati. Ananiamini.

Ndivyo alivyosema na kuondoka. Ningefurahi kama angenitukana.

Shangazi ameteuliwa mshauri wa maonyesho. Ameletewa kiti kando yangu, amevaa gauni la kuendea harusi za watu, na ananiambia cha kuandika. Niandike kwamba mapishi haya yalitunzwa na wanawake. Niandike kwamba bibi yake alikuwa na pua nzuri. Nikamuuliza bibi yupi. Akasema yeyote, wote walikuwa na pua. Mama Dekio anapita mara ya tatu na ndoo isiyo na maji. Shangazi amemwahidi kumsuka bure, ni marafiki tangu Jumamosi.

Nikiwa na kadi mbele yangu nimewaza kitu kimoja tu. Siku moja, mimi na Shangazi na Pua tumeshasahauliwa, atakuja karani mwingine, mwoga, mwenye fomu isiyotakiwa kuwa na pengo. Atachukua kibandiko changu na kukinakili neno kwa neno. Hatauliza. Ataamini kwa sababu mwandiko ni mzuri. Kama mimi nilivyoamini kila nilichonakili kwenye vibandiko vyote arobaini.

Nilikuwa namwogopa Mkurugenzi. Sasa namwogopa huyo.

Mstari wa kwanza nimeshauandika: Kichupa cha alabasta, Misri ya kale; uzito gramu 61.

Mstari wa pili nimeshauandika: Kilichokuwamo kilitolewa na karani tarehe 6 Juni, kwa makosa, kikapotea.

Wa tatu nimefika katikati: Mafuta yaliyomo sasa yalibuniwa na msusi mmoja, dada wa baba wa

Wino bado mbichi. Shangazi anadhani hapa kwenye daftari naandika rasimu, na kila nikiinua kalamu ananihimiza, usisite mwanangu, utukufu hauandikwi kwa kusita. Mlangoni magari yameanza kusimama. Sasa ametaka nimsomee kadi. Nimesema nimalize kwanza. Amesema mwandiko wangu siku hizi umekuwa mdogo kama wa mtu mwenye siri, atasoma mwenyewe, ni kutafuta miwani tu. Amefungua mkoba mapajani. Ametoa kitana. Ametoa uzi mweusi. Ametoa kopo la mafuta, ametoa kadi ya mwaliko ya Jumamosi aliyoitunza kwenye leso. Umebaki mfuko mmoja wa pembeni, wenye zipu, na zipu imekwama kidogo, ananiomba nimsaidie kuifungua